Ukurasa wa Asante

Rukaiya binti Nasri hakuwa mtu wa kukaa. Ukimpa kiti alikaa ukingoni, na mguu wake wa kulia uliitikisa meza yetu kutwa nzima, mpaka kikombe changu cha chai kikawa kinahama chenyewe. Nilimwambia atulie, meza si yetu, ni ya mwenye nyumba. Alicheka, akatulia, na kabla sijapiga funda mguu umeanza tena.

Mimi ni Agnela, Mchaga wa Kibosho niliyeletwa Arusha na kazi, na kazi yenyewe ni kuchora kurasa za tovuti: rangi, picha, vitufe vya kubonyeza. Rukaiya alitengeneza yale yasiyoonekana, yanayofanya kitufe kikibonyezwa kitu kitokee. Tulikuwa wawili tu, chumba kimoja, pale Themi juu ya duka la vipuri vya magari. Wazazi wetu walipanga foleni ya sukari na sabuni. Sisi tulikuta milango imefunguliwa, kila kitu kinauzwa, na kila mwenye gari moja na mahema mawili anajiita kampuni ya utalii. Kila kampuni ilitaka tovuti, na ilitaka iwe tayari jana.

Kuna neno moja lililomkera Rukaiya kuliko fujo zote za mji huu, nalo ni nzuri. Tukiulizwa habari za nyumbani sote tunajibu nzuri. Ng'ombe amekufa, nzuri. Nyumba imeungua, nzuri tu, ila imeungua. Ndivyo tulivyolelewa, salama inatangulia na ila inafuata nyuma. Basi Rukaiya akisikia nzuri alikuwa anaingoja ile ila, na isipokuja hakuwa na raha. Atauliza tena, atapiga simu tena, mpaka watu wakamwona mchokozi.

Alikuwa na sababu. Baba yake, Mzee Nasri, alikuwa fundi redio Kaloleni, hapahapa mjini. Soko lilipofunguliwa na redio za bei rahisi zikamwagika mitaani, watu waliacha kutengeneza, wakawa wanatupa na kununua nyingine. Mzee hakuhama barazani. Alikaa na bisibisi yake na binti yake pembeni, akamfundisha kunusa. Redio ikiungua ndani itanuka tu, alimwambia, kwa hiyo usibahatishe, nusa kwanza.

Mwaka wa tisini na saba Rukaiya alikuwa kidato cha nne, shule ya bweni mkoani Tanga, katikati ya mitihani. Mjomba wake Sefu akamtembelea na pakiti za biskuti. Rukaiya akauliza habari za nyumbani. Nzuri, mjomba akasema, wote wazima, baba anakusalimu, wewe soma. Mzee Nasri alikuwa ameshazikwa wiki moja nyuma.

Aliambiwa siku aliyoshuka na begi lake Kaloleni, anatafuta meza ya baba barazani na haipo. Kwa Waislamu maiti haikai. Mtu akifa alfajiri, alasiri yuko kaburini, na usipokuwepo umekosa. Wanawake hawafuati makaburini, lakini angalau wanamuaga marehemu, wanaliona jeneza likitoka mlangoni, na mwili wao wote unajua kwamba ametoka. Rukaiya hakuona chochote. Alipata divisheni wani, na hata leo ukimpongeza kwa hilo atakutazama kama umemtukana.

Sasa nieleze kidogo kazi yenyewe. Nitaeleza kwa maneno ya jikoni, maana na mimi nilielezwa hivyohivyo.

Rukaiya hakuandika kila kitu toka chini. Alitumia kiunzi, yaani programu ambayo wengine wameshaijenga nusu, wewe unamalizia kwa mahitaji yako. Mgeni aliyeko Ulaya akibonyeza kitufe, ombi lake linaingia mlangoni mwa kiunzi. Linapita kwa mlinzi anayekagua, linapita kwa anayejua liende chumba kipi, linafika kwa mwenye kuifanya kazi, na huyo anakwenda ghalani zinakowekwa taarifa, achukue bei na aweke jina la mgeni. Jibu linarudi kwa njia ileile. Yote hayo yanaisha hujapiga hata chafya. Sasa, kitu kikiharibika ghalani, kazi inakatika palepale na kosa linaanza kupanda kurudi, chumba kwa chumba, likimuuliza kila mmoja kama ana la kufanya. Mwenye la kufanya analikamata. Asipotokea hata mmoja linafika mpaka mlangoni, na pale yupo wa mwisho, anayekamata kila kilichobaki.

Wakati wa ujenzi yule wa mwisho anaachwa aropoke. Anatoa ukurasa mwekundu wenye majina ya mafaili, mstari ulioharibika na siri zote za ndani. Rukaiya aliupenda ukurasa ule. Alisema unanuka kama redio.

Mteja wetu mkubwa alikuwa Mzee Naftali, Mmeru mwenye kampuni ya kupandisha watu Mlima Meru. Mzee mpole, mstaarabu, wa kuvua kofia hata mbele ya printa. Alikuja kuijaribu tovuti yake kabla haijafunguliwa, akabonyeza kitufe cha kuomba safari bila kujaza tarehe. Ukurasa mwekundu ukamrukia. Mzee akavua kofia.

"Mwanangu," akamwambia Rukaiya, "mgeni hajakaa, wewe umeshamwonyesha uvunguni mwa kitanda?"

Alikuwa na haki. Huwezi kumtapikia mteja matumbo ya mashine. Lakini mzee hakuishia hapo. Akaeleza kwamba kwake mgeni hapokewi na habari mbaya mlangoni. Mgeni anakaribishwa, anashukuriwa, anapewa chai, na likiwepo la kuharibika litajulikana baadaye taratibu. Yeye anataka kila atakayebonyeza pale apate neno jema. Rukaiya alifungua mdomo, akamtazama yule mzee na kofia yake mkononi, akaufunga. Alilelewa Kaloleni, hajawahi kumbishia mtu wa umri wa baba yake.

Akaandika mistari mitatu pale mlangoni. Kosa lolote likifika, likamatwe, lisiulizwe, mgeni apewe ukurasa wa asante. Ukurasa niliuchora mimi na ulikuwa mzuri, sitajifanya mnyenyekevu: Meru asubuhi, wingu kiunoni, na maneno yanayosema asante, tumepokea ombi lako, karibu mlimani. Kosa lenyewe halikuandikwa popote. Lilikamatwa, likazibwa mdomo, likazikwa. Rukaiya alisema atarudi kuitengeneza sehemu ile vizuri. Wiki ikapita, kazi nyingine zikaja, na mguu ukaendelea kutikisa meza.

Hiyo ilikuwa katikati ya mwaka elfu mbili na nane. Mpaka Januari tulikuwa tunaambiwa mambo ni mazuri. Kisha yakaja mawili kwa mpigo.

La kwanza lilikuwa mama yake. Mama Swabaha baada ya kufiwa alihamia Maji ya Chai, jirani na kaka yake, yuleyule Mjomba Sefu, ambaye ana duka kando ya barabara. Mama akawa anauza maharage na vitunguu sokoni. Jumatatu moja alianguka juu ya mafungu yake ya vitunguu. Upande mzima wa kulia ulikufa. Wakampandisha hospitali ya Nkoaranga, na daktari akasema presha imepasua kitu kichwani, tungoje.

Watoto walikuwa wawili tu, Rukaiya na Najim, mdogo wake, aliyekuwa chuo Dar es Salaam, mwaka wa mwisho, ameingia kwenye mitihani wiki hiyohiyo. Mjomba Sefu aliwakusanya ndugu nje ya wodi na kutoa amri. Najim asiambiwe. Amalize mitihani yake, mwisho wa mwezi atakuja mwenyewe, atamkuta mama yake anaendelea vizuri. Simu ya mama akaitia mfukoni mwake, ili mtoto akipiga aipokee yeye. Kila mtu akaitikia. Na Rukaiya, huyu niliyekueleza, aliinamisha kichwa akaitikia pia. Mjomba ndiye aliyewalea tangu baba afe.

Kesho yake Najim alimpigia dada yake ofisini. Nilikuwa nimekaa mbele yake, nikaisikia sauti ya kijana inauliza habari za nyumbani.

"Nzuri," akasema Rukaiya.

Aliiweka simu kifudifudi mezani, akatoka. Nilimwona dirishani anakwenda mpaka darajani Themi, anageuka, anarudi, anageuka tena. Hakuwa amebeba kitu wala kutumwa kitu. Kila alasiri tangu hapo alikuwa anapanda Nkoaranga na kurudi na vumbi la Januari mpaka kwenye kope, na kila siku nilipomuuliza mama anasemaje, jibu lilikuwa moja. Mama anauliza Najim yuko wapi. Anauliza kwa nusu ya mdomo iliyobaki, na ndugu wanamjibu yuko njiani.

Ikawa hivi basi: huku mtoto anaambiwa mama yuko sokoni, kule mama anaambiwa mtoto yuko njiani. Mimi hasira zilinipanda, na si ndugu yangu hata mmoja. Nilimwambia Rukaiya mnamdanganya mgonjwa na mnamdanganya mzima, mtakuja kujibu. Akasema anajua. Alikuwa amekonda shingo.

La pili likaja wiki iliyofuata. Mzee Naftali alipanda ngazi zetu taratibu, akavua kofia, akauliza habari za kazi. Tukainuka, tukamwamkia shikamoo, tukasema nzuri. Naye akasema nzuri. Akakaa. Akatazama dirishani, akausifu mlima kwamba leo umejifunua wote. Rukaiya alisimama pale pale, hapumui, anaingoja ila.

Ila ilikuja na karatasi. Mzee aliitandaza mezani, na nikauona mchoro wangu, Meru na wingu lake kiunoni, umechapishwa kwa rangi huko Norwe. Mume na mke, wazee wastaafu, walikuwa wameomba safari ya kupanda Meru. Walipata asante, wakapata tumepokea, wakapata karibu. Wakakata tiketi ya ndege. Wakakaa uwanja wa ndege wa Kilimanjaro tangu asubuhi wanamngoja mtu mwenye bango la majina yao, mpaka wafagiaji wakawahurumia. Kampuni haikuwa na habari nao. Hakuna jina, hakuna tarehe, hakuna wapagazi, hakuna mpishi. Mzee amewalaza hotelini na amewaomba radhi mpaka ulimi umekauka.

Rukaiya alisema pole.

"Hawakunilaumu kwa kukosa nafasi," Mzee Naftali akasema. "Yule mama alisema, mngetukatalia tungekwenda kwingine. Walinilaumu kwa kuwashukuru."

Alivaa kofia akaondoka bila kufoka. Ningependa angefoka.

Rukaiya alikaa mbele ya kompyuta, na safari hii mguu ulinyamaza. Akafungua mahali ambapo programu huandika makosa yake. Patupu. Programu nzima tangu ilipofunguliwa haikuwa imeandika kosa hata moja, kama mtu anayeapa hajawahi kuugua. Hapo hata mimi niliyejua rangi tu niliona kuna jambo. Akajifanya mgeni. Akajaza jina, akachagua tarehe, akabonyeza. Asante, tumepokea. Akaenda ghalani. Hakuna jina. Akabonyeza tena, asante tena, ghala tupu tena. Mchoro wangu ukawa unamcheka usoni.

Akaifuta mistari yake mitatu na kumwacha yule wa mlangoni aropoke kama zamani. Akabonyeza. Ukurasa mwekundu ukaja, na mstari wa kwanza tu ulikuwa na jibu lote. Bei za mwaka mpya hazikuwa zimeingizwa. Aliyeomba safari ya Desemba alipata bei yake na jina lake likaingia. Aliyeomba ya Januari na kuendelea, programu ilikwenda ghalani kuchukua bei, ikakuta rafu tupu, ikaanguka, kosa likapanda likitafuta wa kulishughulikia, likafika mlangoni, na pale likazibwa mdomo na mgeni akashukuriwa. Watu wa kampuni walikuwa wameona maombi yamekauka, wakasema ni ule mtikisiko wa uchumi wa dunia unaotangazwa redioni, wazungu hawana hela mwaka huu. Kumbe walikuwa wakija kila siku, wakishukuriwa na kupotea.

Jambo la kujaza bei tu. Lingejulikana siku ya kwanza lingechukua muda wa kunywa chai.

Rukaiya aliniambia kitu ambacho sikukijua. Kila jibu linalotoka mlangoni linabeba namba ambayo mgeni haioni ila mashine zinaisoma. Mia mbili maana yake salama. Mia tano maana yake upande wetu kumeharibika. Ule ukurasa wangu ulikuwa unatoka na mia mbili.

"Tulikuwa tunatoa mia mbili kwenye msiba, Agnela," akasema.

Kisha akainamisha kichwa mezani akalia, na nikajua haongelei Wanorwe peke yao.

Siku ile na iliyofuata alifanya kazi kama anafukuzwa. Alipita kwenye kile kiunzi chumba kwa chumba. Bei ikikosekana, basi mwenye kazi alikamate kosa hilohilo tu, aweke jina la mgeni ghalani vilevile, amwambie bei itafuata, na ampelekee Mzee Naftali ujumbe. Ghala likiwa limefungwa kabisa, hakuna cha asante, mgeni aambiwe wazi kwamba ombi halikupokelewa, na namba ya kupiga ni hii. Na yale yasiyotabirika, yaachwe yapande mpaka mlangoni. Pale mgeni ataombwa radhi kwa maneno mafupi bila kuonyeshwa uvungu, na habari nzima, na siri zake zote, itamwendea yeye Rukaiya kwenye simu. Kosa, alinifundisha huku anachapa, halikamatwi na aliye karibu. Linakamatwa na mwenye la kulifanyia. Kama huna la kulifanyia, lipishe lipite.

Mimi nilichora ukurasa mpya wa samahani. Sikuweka mlima. Tulimwonyesha Mzee Naftali. Akausoma polepole, akasema ni mkavu, lakini ni wa kweli, uende. Kisha, kwa kuwa nyumbani kwake ni hukohuko juu, akatuambia tuingie kwenye Land Rover yake atupeleke kwa mgonjwa. Ndivyo nilivyofika Nkoaranga mara yangu ya kwanza, katikati ya migomba na mibuni, barabara imesimama kama ngazi.

Daktari alikuwa mwanamama wa maneno machache. Alimwita Rukaiya pembeni. Hali imerudi nyuma tangu asubuhi. Kama kuna mtu wa karibu hajafika, asicheleweshwe. Rukaiya alimshukuru, akatoka nje ambako Mjomba Sefu amekaa kwenye benchi na simu mbili mfukoni, yake na ya mama. Akamwamkia. Akamwambia, mjomba, nampigia Najim.

Mjomba hakuwa mtu mbaya, nataka ieleweke. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema mtihani wa mwisho ni keshokutwa, siku mbili tu, mtoto amesomeshwa kwa vitunguu vya mama yake, aache kweli sasa? Na akijua atafanya nini? Si daktari. Atalia tu huko ugenini, peke yake.

"Mjomba, mngeniambia mwaka ule nisingemfufua baba," Rukaiya akasema. "Ningemwona."

Mjomba alimtazama. "Ulipata divisheni wani," akasema, na alisema kwa upole, kama anatoa zawadi.

"Nilipata."

Akatoa simu yake. Alisogea mpaka kwenye ukingo wa bustani penye mtandao, akapiga. Nilimfuata nyuma. Aliweka sauti ya nje ili na mimi nisikie.

"Shikamoo dada. Habari za nyumbani?"

"Marahaba. Si nzuri, Najim."

Sikuwahi kumsikia mtu akijibu hivyo. Upande wa pili yalisikika magari ya Dar yanapita. Rukaiya hakungoja aulizwe. Alimweleza kwa mpangilio, kama alivyokuwa amepanga vile vyumba. Mama amepooza tangu Jumatatu ya wiki iliyopita. Yuko Nkoaranga, anatutambua, anakuulizia wewe. Daktari anataka uje. Basi la alfajiri nitakushikia nafasi. Nenda sasa hivi kwa mhadhiri wako umweleze, ukimkosa nipe namba yake nitampigia mimi. Utashuka Usa River, nitakuwepo.

Najim alipojibu, sauti yake haikuwa ya kulia.

"Dada, nimefanya mitihani miwili sijui hata nilichoandika," akasema. "Mama hajawahi kuacha kunipigia Ijumaa. Nawapigia, kila mtu ananijibu nzuri. Nzuri tupu, haina ila. Nikajua amekufa."

Mjomba Sefu alikuwa amekuja nyuma yetu bila kusikika. Alisikia yote. Alirudi kwenye benchi, akaitoa ile simu ya mama mfukoni, akaishika kwa mikono miwili akiitazama.

Kesho yake tulimngojea Najim Usa River kwenye jua, Rukaiya anatembea huku na huku mpaka wauza ndizi wakaanza kumtania kwamba atachimba mtaro. Kijana akashuka, mrefu, ana kibegi kimoja. Hawakukumbatiana wala nini, walishikana mikono na kuingia garini kwa Mzee Naftali. Wodini mama alikuwa amefumba macho. Najim akainama akamwamkia. Nusu ya uso wa mama ikafunguka.

"Habari za Dar," akasema, kwa ule mdomo uliobaki, na ilimchukua muda.

"Nzuri, mama," Najim akasema. "Ila mtihani wa mwisho sikufanya."

Yule mama alicheka. Naapa alicheka, kwa upande mmoja, bega likatikisika. Akasema kitu ambacho Rukaiya peke yake alikielewa, akatutafsiria: anasema utaufanya, mtihani hauna miguu. Siku alizobakiza mama, Najim alilala kwenye mkeka chini ya kitanda kile, na mama hakuuliza tena nani yuko wapi.

Alifariki alfajiri ya Alhamisi. Wakamleta Maji ya Chai, nyumbani kwa kaka yake, na baada ya adhuhuri wakamtoa. Nilikuwepo, nimefunga kanga ya kuazima kichwani, nimekaa na wanawake ndani. Najim alikuwa mbele amebeba jeneza, na baadaye niliambiwa ndiye aliyeingia kaburini kumpokea mama yake. Mtihani aliufanya Septemba. Hakupata cha kujivunia, na hakuna aliyemuuliza.

Jeneza lilipoinuliwa wanawake walilia, kisha mmojammoja wakarudi kukaa kwenye mikeka. Rukaiya hakurudi. Alisimama kizingitini, mikono imeshika miimo miwili ya mlango, ametulia kabisa. Sikuwahi kumwona ametulia vile. Jeneza likapita mbele ya duka la mjomba, likavuka barabara, magari yakasimama kulipisha, likaanza kuishia nyuma ya migomba. Jua lilikuwa kali na alikuwa hajala tangu jana. Nilimshika kiwiko nikamwambia tuingie ndani.

"Ngoja," akasema. "La baba sikuliona."